Namna ya Kupima Kiwango Chako cha Kweli cha Ushindi katika Poka ya Kasino na ya Mtandaoni

Mwezi Mei 2015, katika kasino ya Rivers mjini Pittsburgh, Marekani, wachezaji wanne wanaoishi kwa poka walimaliza mikono, yaani mizunguko ya mchezo, 80,000 dhidi ya programu ya kompyuta iliyoitwa Claudico, iliyoundwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Chipu zilipohesabiwa, binadamu walikuwa mbele kwa 732,713, na kwa kuwa blaindi kubwa, yaani dau kubwa la lazima linalowekwa kabla ya karata kugawiwa, ilikuwa chipu 100, faida hiyo ilikuwa blaindi kubwa 9 na ushei kwa kila mikono 100. Huo ni ushindi ambao mchezaji yeyote angejivunia. Hata hivyo watafiti walisema kwamba kitakwimu pande hizo mbili zilitoka sare, kwa sababu tofauti ya kiasi hicho iliweza kuletwa na bahati peke yake, ingawa karata zilikuwa zimegawanywa kwa mpango wa kupunguza bahati: karata alizopewa binadamu mmoja dhidi ya kompyuta, kompyuta ilipewa karata hizohizo dhidi ya mwenzake katika chumba kingine.

Ikiwa mikono 80,000 iliyopangwa kwa uangalifu wa namna hiyo iliacha wajuzi wakibishana, mtu aliyekaa kasino miezi mitatu na kucheza mikono isiyofika 5,000 anasemaje kwa uhakika kwamba yeye hupata dola 20 kwa saa? Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka kujua jibu la kweli na aliye tayari kufanya hesabu kidogo ili alipate. Nauandika kwa sababu nimeona watu wenye akili timamu wakiacha ajira na kuhamisha akiba za familia kwa kutegemea namba waliyoipata kwa mwezi mmoja mzuri.

Tuafikiane kwanza juu ya maneno. Mkono ni mzunguko mmoja wa mchezo, tangu karata kugawiwa hadi fungu la katikati kuchukuliwa. Kikao ni muda wote tangu kuketi mezani hadi kuinuka. Makato ni sehemu ya fungu inayochukuliwa na kasino au tovuti. Mfano wetu ni aina ya poka iitwayo Texas Hold'em, isiyo na kikomo cha dau, ikichezwa kwa fedha taslimu. Mashindano yana hesabu zake, na bahati ndani yake ni kubwa zaidi, kwa hiyo nayaacha kando.

Hatua ya 1: Fungua daftari na uliheshimu

Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga, na fedha ya poka ndiyo inayoisha hivyo kuliko nyingine. Andika kila kikao siku ileile kabla hujalala: tarehe, mahali, ukubwa wa blaindi, saa uliyoketi na saa uliyoinuka, fedha uliyoingia nayo pamoja na ile uliyoongeza katikati, na fedha uliyotoka nayo. Ukikosa kuandika vikao viwili vya hasara kwa sababu ulirudi nyumbani umechoka na umenuna, daftari lote limeharibika, maana vikao vinavyosahaulika havisahauliki ovyo; vinavyosahaulika ni vile vinavyouma.

Kuhusu gharama, watu wengi hukosea kwa kutoa kitu kilekile mara mbili. Makato ya kasino na bakshishi unayompa mgawaji karata vyote vimeshatoka katika chipu zako, kwa hiyo vimo tayari ndani ya tofauti kati ya ulichoingia nacho na ulichotoka nacho, na hupaswi kuviondoa tena. Yasiyomo ni mafuta ya gari, maegesho, na chakula ulicholipia kwa fedha ya mfukoni. Kwa upande wa mtandao, yasiyomo ni ada ya kuweka na kutoa fedha pamoja na hasara ya kubadilisha sarafu, na anayeweka kwa simu kutoka Nairobi au Dar es Salaam anaijua vizuri hasara hiyo, kwani shilingi zake hukatwa zinapokwenda kuwa dola na hukatwa tena zinaporudi. Yaandike haya katika safu yake ya pekee. Yanakuonyesha kama shughuli inakulipa, lakini hayahusiani na ubora wa uchezaji wako, na ukiyachanganya utashindwa kuujua hata mmoja kati ya ukweli huo miwili.

Andika pia saa za aina mbili: zile ulizoketi mezani ukigawiwa karata, na zile zote ulizokuwa nje ya nyumba kwa ajili ya mchezo, zikiwamo za kusubiri nafasi. Saa za kwanza ndizo za kupimia uchezaji. Za pili ndizo za kulinganisha na mshahara.

Haya hapa ni maandishi yangu ya mwezi wa kwanza niliolitunza daftari kwa uaminifu, nikiwa Marekani, katika meza ya blaindi za dola 1 na dola 3. Tutayatumia katika hesabu zote zinazofuata.

Kikao cha 1: saa 5, faida dola 240
Kikao cha 2: saa 4, hasara dola 300
Kikao cha 3: saa 6, faida dola 510
Kikao cha 4: saa 3, hasara dola 195
Kikao cha 5: saa 8, hasara dola 120
Kikao cha 6: saa 5, faida dola 65
Kikao cha 7: saa 4, faida dola 420
Kikao cha 8: saa 5, hasara dola 180

Jumla ni saa 40 na faida ya dola 440, yaani dola 11 kwa saa. Nilimpigia simu kaka yangu, ambaye ni mhasibu, nikamwambia kwa furaha kwamba nikicheza saa 40 kila wiki nitakuwa na mshahara. Akaniuliza, "Mdogo wangu, duka lililofunguliwa wiki moja utalifungia hesabu za mwaka?" Swali hilo ndilo lililonifanya nijifunze haya ninayoyaeleza hapa.

Hatua ya 2: Tumia kipimo kinachofanana

Dola kwa saa inafaa kwa bajeti ya nyumbani, lakini haifai kulinganishia meza ya dola 1 na 3 na ile ya dola 2 na 5, wala kasino na mtandao. Geuza kila matokeo kuwa idadi ya blaindi kubwa. Katika daftari langu blaindi kubwa ni dola 3, hivyo dola 11 ni blaindi kubwa 3.7 kwa saa. Mtandaoni kipimo kilichozoeleka ni blaindi kubwa kwa kila mikono 100, kwa sababu programu huhesabu mikono yenyewe. Kasinoni hakuna anayehesabu mikono, lakini mgawaji wa kawaida kwenye meza iliyojaa watu tisa hutoa kati ya mikono 25 na 35 kwa saa. Ukichukua 30, blaindi 3.7 kwa saa ni kama blaindi 12 kwa mikono 100.

Namba hiyo humshtua mchezaji wa mtandaoni, kwani huko mtu anayeshinda blaindi 3 hadi 5 kwa mikono 100 katika dau za kati anahesabiwa kuwa hodari. Sababu ya tofauti ni kwamba wapinzani wa kasino katika dau ndogo huwa wamekuja kustarehe, huingia katika mikono mingi kupita kiasi na huweka fedha nyingi wakiwa nyuma, ilhali katika meza ya mtandaoni ya fedha kidogo sana unaweza kukuta wanne kati ya sita wamejifunza. Faida ya mtandao iko katika wingi. Mtu anayefungua meza nne kwa pamoja hucheza mikono 300 kwa saa bila shida, yaani mara kumi ya mwenzake aliyeketi kasinoni. Kwa hiyo mikono 100,000 kwake ni saa 333 au hivi, na kwa mtu wa kasino ni saa zaidi ya 3,300. Kwa mwendo wa saa 10 kwa wiki, hiyo ni miaka zaidi ya sita. Shika tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo inayofanya vipimo vya kasino viwe vigumu kuaminika kuliko vya mtandao hata pale faida yake inapoonekana kubwa.

Hatua ya 3: Jua makato yanakula kiasi gani

Tuchukue meza ya watu tisa ambako kasino hukata, kwa wastani, dola 5 katika kila fungu, ukiwamo mchango wa zawadi maalumu. Kwa mikono 30 kwa saa, dola 150 zinaondoka mezani kila saa, karibu dola 17 kwa kila kiti. Ongeza dola moja ya bakshishi kwa kila fungu unalochukua, ambayo ni dola 3 hivi kwa saa. Mchezaji wa wastani kabisa, asiyewazidi wala kuzidiwa na wenzake, anapoteza basi dola 20 kwa saa, na anayeondoka bila faida wala hasara ni mtu anayewazidi wenzake kwa kiasi hichohicho. Hesabu hii ifanye kwa meza yako, kwa kukaa saa moja na kuandika makato ya kila fungu kadiri yanavyodondoshwa kwenye kisanduku. Nilipoifanya mara ya kwanza niliacha kushangaa kwa nini watu wengi wazuri hawana fedha.

Mtandaoni makato huwa ni asilimia ya fungu yenye kikomo, na katika dau ndogo kabisa kikomo hicho hakifikiwi mara nyingi, hivyo makato huwa mazito yakipimwa kwa blaindi. Tovuti ikikurudishia sehemu yake, andika marejesho hayo katika safu tofauti. Yanaweza kubadilishwa kwa tangazo moja la tovuti, na mtu ambaye faida yake yote ni marejesho anapaswa kulijua hilo mapema.

Hatua ya 4: Pima ukubwa wa mawimbi

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndipo penye kiini cha kazi yote. Wastani peke yake haukuambii kitu mpaka ujue matokeo yanapanda na kushuka kiasi gani kuuzunguka. Kipimo cha kupanda na kushuka huko kinaitwa mchepuko sanifu. Mtandaoni, programu za kutunza kumbukumbu za mikono kama PokerTracker na Hold'em Manager hukupa namba hiyo tayari. Katika meza za watu sita mara nyingi huwa kati ya blaindi 80 na 100 kwa mikono 100, katika meza za watu tisa huwa chini kidogo, na katika Omaha, aina nyingine ya poka, hupita 120 kwa urahisi. Tovuti nyingine, GGPoker ikiwa mojawapo, hazikubali programu za nje za namna hiyo na hutoa takwimu zao zenyewe.

Kasinoni lazima uikokotoe mwenyewe, na kwa kuwa vikao havilingani urefu, fanya hivi. Kwa kila kikao, zidisha saa zake kwa wastani wako wa saa ili upate matokeo yaliyotarajiwa. Toa hayo kutoka matokeo halisi. Tofauti uliyopata izidishe kwa yenyewe, kisha gawanya kwa saa za kikao hicho. Jumlisha majibu ya vikao vyote, ugawanye kwa idadi ya vikao ukipunguza kimoja, halafu tafuta kipeuo cha pili.

Tuchukue kikao changu cha pili. Saa 4 kwa dola 11 ni dola 44 zilizotarajiwa. Nilipoteza 300, kwa hiyo tofauti ni 344 kwenda chini. 344 mara 344 ni 118,336, na ukigawanya kwa saa 4 unapata 29,584. Kikao cha sita kilitarajiwa kuleta 55 kikaleta 65, tofauti ni 10, na mchango wake ni 20 tu, maana kikao kilichokuwa karibu na wastani hakina mawimbi ya kuongeza. Vikao vyote vinane vinatoa jumla ya 138,430, nikigawanya kwa saba napata 19,776, na kipeuo cha pili chake ni dola 140 na senti 60 kwa saa.

Tazama ukubwa wa namba hiyo kando ya dola 11. Kila saa ninayoketi, wimbi linalonibeba ni kubwa mara kumi na mbili na zaidi kuliko faida ninayodhani ninayo. Katika lahajedwali ya kompyuta au ya simu hesabu hii ni safu tatu tu, na ukishaipanga mara moja utakuwa unaongeza mstari mmoja kila baada ya kikao. Usiitegemee sana kabla ya vikao 30, kwa kuwa vikao vinane havitoshi kuupima hata mchepuko wenyewe vizuri. Lakini namba za meza za dau hili huwa katika kiasi hicho, blaindi 40 hadi 50 kwa saa.

Hatua ya 5: Tafuta wigo wako

Gawanya mchepuko kwa kipeuo cha pili cha idadi ya saa. Jibu linaitwa kosa sanifu. Ongeza na upunguze kosa hilo mara mbili kwenye wastani wako, na hapo utakuwa na wigo ambao, kwa uwezekano wa kama asilimia 95, unakijumuisha kiwango chako cha kweli.

Kwa saa zangu 40, kipeuo cha pili ni 6.3, na kosa sanifu ni dola 22. Wigo wangu basi ulianzia hasara ya dola 33 kwa saa ukaishia faida ya dola 55. Daftari lilikuwa halijui kama mimi ni mchezaji mzuri au mtu wa kunyonywa. Tuseme ningeendelea na wastani huohuo wa dola 11 na mawimbi hayohayo: baada ya saa 400 wigo ungekuwa kutoka hasara ya dola 3 hadi faida ya 25, baada ya saa 1,000, kutoka faida ya dola 2 hadi 20. Mwaka mzima na zaidi wa kucheza kila wiki, na bado mtu hawezi kusema kama anapata dola 5 au dola 18. Ili wigo upungue kwa nusu unahitaji saa mara nne, na sheria hii haina njia ya mkato kwa yeyote.

Mtandaoni, kwa mchepuko wa blaindi 90, hali ni hii. Mikono 10,000 inaacha wigo wa blaindi 18 juu na chini ya wastani. Mikono 50,000 inaacha 8. Mikono 100,000 inaacha karibu 6, na mikono milioni moja inaacha 2 hivi. Anayesema baada ya mikono 10,000 kwamba anashinda blaindi 10 anaweza kuwa mshindi wa kipekee, na anaweza pia kuwa mtu anayepoteza. Ipo na sura ya pili ambayo ni ya kumpa moyo mchezaji mwadilifu: mtu ambaye kiwango chake cha kweli ni blaindi 3 ana uwezekano wa karibu mmoja kati ya saba wa kujikuta katika hasara baada ya mikono 100,000. Hajakosea kitu, ila daftari lake linaonyesha hasara tu. Wengine wamebadilisha mchezo wao mzuri kwa sababu ya hasara kama hiyo.

Usihesabu asilimia ya vikao ulivyoshinda ukaifanya kipimo. Mtu anayeinuka kila akipata dola 50 na kung'ang'ania kila akipoteza anaweza kushinda vikao saba katika kumi huku fedha yake ikiteketea.

Hatua ya 6: Punguza bahati inayoonekana

Sehemu ya bahati inaweza kuondolewa bila kusubiri miaka. Pale chipu zote zinapowekwa kabla ya karata zote kufunguliwa, na karata za wote wawili zikajulikana, unaweza kuandika sehemu ya fungu uliyostahili badala ya uliyopata. Ukiwa na Asi mbili dhidi ya Mfalme mbili, nafasi yako kabla ya karata za mezani ni asilimia 82 hivi. Katika fungu la dola 600, stahili yako ni dola 492, hata kama Mfalme wa tatu ametokea na umeondoka mikono mitupu. Programu za mtandaoni huchora mistari miwili, mmoja wa fedha halisi na mwingine wa stahili. Kasinoni andika katika simu mara tu mkono unapoisha, na uandike pia siku ambazo wewe ndiye uliyekuwa nyuma na ukaokolewa na karata ya mwisho. Anayeandika maonevu tu anajidanganya kwa hesabu.

Marekebisho haya hayaondoi kila kitu. Kugawiwa Mfalme mbili wakati mwenzako ana Asi mbili nayo ni bahati, na mstari wa stahili haukufidii. Watafiti wameenda mbele zaidi. Mwaka 2019, programu ya Pluribus ya Carnegie Mellon na Facebook ilicheza na wataalamu watano kwa wakati mmoja kwa mikono 10,000, na kwa kutumia mbinu iitwayo AIVAT, inayochuja athari za karata na za maamuzi ambayo uwezekano wake unajulikana, ilipimwa kuwa inashinda blaindi 4.8 kwa mikono 100, kosa sanifu likiwa 2.5. Bila mchujo huo, kwa mchepuko wa 90 tuliouchukua juu, kosa lingekuwa 9, na ushindi huo usingeonekana kabisa. Mbinu hiyo inahitaji kujua mpango mzima wa mmoja wa wachezaji, jambo linalowezekana kwa mashine lakini haliwezekani kwa mimi na wewe. Hata hivyo matokeo yake yanatupa kipimo cha unyenyekevu, kwani programu iliyowashinda mabingwa ilipimwa kwa blaindi zisizofika 5.

Hatua ya 7: Vuta makadirio yako kuelekea katikati

Kabla hujacheza hata mkono mmoja, tayari kuna jambo tunalolijua: wachezaji wengi, baada ya makato, hawashindi, na wanaoshinda sana ni wachache. Makadirio mazuri huchanganya ujuzi huo na daftari lako. Mimi huanza na dhana kwamba mtu anayejifunza na kutunza hesabu mtandaoni yuko karibu na sifuri, na kwamba watu kama yeye wanatofautiana kwa mchepuko wa blaindi 5. Hizo ni namba zangu za kukadiria, na unaweza kuweka zako, mradi uziweke kabla ya kuona matokeo.

Uzito wa daftari ni 25, yaani 5 mara 5, ukigawanywa kwa jumla ya 25 na kosa sanifu lililozidishwa kwa lenyewe. Tuseme daftari linaonyesha blaindi 8. Ikiwa ni kwa mikono 10,000, kosa ni 9, uzito ni 25 kwa 106, na makadirio ya busara ni blaindi 1.9 tu. Ikiwa ni kwa mikono 50,000, kosa ni 4, uzito ni 25 kwa 41, na makadirio ni 4.9. Ikiwa ni kwa mikono 200,000, makadirio yanafika 6.9. Namba ni ileile ya 8, lakini inaaminiwa kadiri ilivyofanyiwa kazi. Katika hatua zote hii ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inamzuia mtu asilewe matokeo mazuri ya mapema na pia inamzuia asikate tamaa na mabaya.

Hatua ya 8: Kagua umri na asili ya takwimu

Wigo wote huo unadhania kwamba unapima kitu kimoja. Poka ya mtandaoni ya Marekani ilibadilika siku moja, tarehe 15 Aprili 2011, serikali ilipowashtaki waanzilishi wa tovuti kubwa na wachezaji wa nchi hiyo wakafungiwa milango. Tangu programu za kukokotoa mikakati zienee miaka iliyofuata, wapinzani nao wamebadilika. Takwimu za miaka kumi iliyopita hazikupimi wewe wa leo. Lakini pia usikate daftari ovyo, kwa kuwa kila kipande kinakuwa na wigo mpana zaidi ya daftari zima. Kanuni yangu ni kuanza ukurasa mpya pale tu jambo la nje linapobadilika, kama vile dau, kasino, aina ya mchezo au makato. Kuanza ukurasa mpya baada ya mwezi mbaya, kwa hoja kwamba "sasa nimejirekebisha", ni kufuta hasara kwa maneno.

Hadhari hiyohiyo ishike unapolichambua daftari kwa siku za wiki au saa za usiku. Ukiligawa mafungu ishirini, moja litaonekana la ajabu kwa bahati tu. Fungu moja ninaloona lina maana ya kweli ni saa zinazofuata baada ya saa ya sita ya kikao, kwa kuwa uchovu una sababu inayoeleweka, na sababu hiyo ilikuwapo kabla ya takwimu.

Hatua ya 9: Amua kwa kutumia upande wa chini

Uamuzi wa mtaji ndio unaolipa kazi yote hii. Uwezekano wa mtaji kuisha kabisa, kwa anayeendelea na dau lilelile bila kutoa fedha, hukadiriwa hivi: zidisha kiwango chako cha saa kwa mtaji, mara mbili, kisha gawanya kwa mchepuko uliozidishwa kwa wenyewe, uwezekano ni namba 2.718 ikipandishwa kwa kipeo hasi cha jibu hilo. Kwa mtaji wa dola 3,000 na mchepuko wangu wa 140.6, kama kweli napata dola 11 kwa saa, hatari ni asilimia 3 au 4. Kama napata dola 5, hatari ni asilimia 22. Kama ni dola 2, hatari inapita nusu. Na kama kiwango changu ni sifuri au chini yake, hakuna mtaji unaotosha, ni suala la siku tu. Viwango hivyo vyote vinne vilikuwamo ndani ya wigo wa mwezi wangu wa kwanza.

Kwa hiyo usichague dau kwa wastani. Chagua kwa namba iliyo kati ya wastani na ukingo wa chini wa wigo, na mtaji huo uwe fedha ambayo kodi ya nyumba, ada ya shule na mafuta ya kupikia havina madai nayo. Kumbuka pia kodi ya mapato: Marekani ushindi wa kamari hutozwa na daftari ndilo ushahidi wako, ilhali Uingereza mchezaji hatozwi.

Weka mapema, kwa maandishi, siku ya kukagua. Mimi niliandika saa 600. Tuseme mtu wa meza kama yangu anafika hapo akiwa na wastani wa hasara ya dola 12 kwa saa. Kosa sanifu lake ni dola 5.70, na wigo wake unaanzia hasara ya dola 23 na kuishia hasara ya senti 50 hivi. Wigo mzima uko chini ya sifuri, hata ukingo wake wa juu, na mtu huyo ameshapata jibu lake katika saa 600, ilhali mwenzake mwenye faida ya dola 6 bado ana zaidi ya saa elfu moja za kusubiri kabla hajajua lolote.